Cheti cha uhalali wa ujenzi England: kinamfaa nani?

Anayeomba cheti cha uhalali, yaani hati ya halmashauri inayothibitisha kuwa jengo ni halali kisheria, chini ya kifungu cha 191 cha sheria ya mipango miji ya 1990 haombi msamaha. Halmashauri haiangalii kama jengo linapendeza au linamkera jirani. Inaangalia jambo moja: je, kwa sheria na ushahidi uliopo, jengo hili bado linaweza kuchukuliwa hatua? Kwa mwenye nyaraka kamili, ni huduma nzuri sana. Kwa mwenye maneno matupu, ni ada iliyopotea.

Wanaokwama zaidi ni waliokimbizana na muda. Kibali cha ujenzi England kwa kawaida hufa kazi isipoanza ndani ya miaka 3. Zikibaki siku chache, mwenye kiwanja anachimba mtaro wa msingi ili akiokoe, ilhali sharti la kibali la kupeleka kwanza mpango wa maji ya mvua au uchunguzi wa udongo wenye sumu halijaguswa. Mtaro huo ungetosha kabisa kuhesabiwa kuwa mwanzo wa kazi. Lakini tangu kesi ya Whitley ya 1992, kazi inayovunja sharti haihesabiwi kuwa imeanzisha mradi ulioruhusiwa. Muda ukipita, kibali hakipo tena, na kilichojengwa kimejengwa bila kibali.

Kuna milango ya kutokea. Ombi la kutimiza sharti likiwa lilipelekwa kabla ya muda kwisha, likaja kukubaliwa baadaye, kazi inaokoka. Na kwa mujibu wa kesi ya Hart Aggregates (2005), ili sharti liue kibali lazima likataze kuanza kazi na liguse kiini cha kibali. Msilitegemee hili kupita kiasi: katika kesi ya Greyfort (2011), sharti la kimo cha sakafu ya chini, ambalo wengi wangeliona dogo, lilitosha kuua kibali.

Hesabu ya miaka nayo ina mtego. Jengo lililokamilika kwa sehemu kubwa kabla ya 25 Aprili 2024 linasalimika baada ya miaka 4; la baada ya hapo, miaka 10. Uvunjaji wa sharti ni miaka 10. Wales haimo katika mabadiliko hayo. Aliyeficha ujenzi kwa hila asitegemee miaka hiyo: Mahakama ya Juu ilishalisema hilo mwaka 2011 katika kesi ya Welwyn Hatfield, kuhusu nyumba iliyovalishwa sura ya ghala la shambani.

Jambo ambalo washauri wengi hawalitaji: muda ukipita, kinachosalimika ni kile kilichosimama tu. Msingi wa miaka 12, hata kama hauwezi tena kuguswa, haufufui kibali kilichokufa, na hauruhusu kupandisha hata tofali moja juu yake.

Kuthibitisha ni kazi ya mwombaji, kwa kiwango cha kuonyesha kuwa madai yake yana uwezekano mkubwa kuliko kinyume chake. Maelezo yake peke yake yanaweza kutosha yakiwa sahihi, hayana utata na hakuna cha kuyapinga. Peleka ankara za zege, ripoti za mkaguzi wa ujenzi, picha zenye tarehe na hati za kiapo. Maombi mengi huanguka kwa sababu ya "kama mwaka 2013 hivi", au ramani ambayo mstari mwekundu wa kuonyesha eneo linaloombewa umezunguka shamba zima badala ya jengo.

Kasoro kubwa ni kwamba unajipeleka mwenyewe. Miaka ikiwa haijatimia, halmashauri imeshajua na inaweza kutoa notisi ya kubomoa. Hapo afadhali kuomba kibali cha baada ya ujenzi. Uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya wiki 8, na ukikataliwa unaweza kukata rufaa.

Angalia pia fomu kabla ya kulipa. Kwa jengo lililokwisha kujengwa, kifungu cha 191 hutoza ada sawa na ombi kamili la kibali. Anayetaka kuthibitisha kuwa kibali chake bado kiko hai ili amalizie nyumba aombe chini ya kifungu cha 192. Ada yake ni nusu.