Uzoefu wangu: huduma ya kutambua bastola za Webley na kukadiria umri wake

Ninakusanya silaha za kale za jeshi la Uingereza, zile zilizolemazwa kisheria na kupewa cheti, na nilihitaji mtu wa kunieleza umri wa bastola zangu mbili za Webley zaidi ya kunisomea maandishi ninayoyaona mwenyewe. Nilizipeleka kwa mtathmini wa kampuni moja ya mnada mjini Birmingham, mji uleule zilikotengenezwa. Nimeridhika sana na maelezo yake, ingawa ripoti ya maandishi ina upungufu.

Ya kwanza haikuwa na utata. Ni toleo la Mark VI, lililopitishwa mwaka 1915, lenye mtutu wa inchi 6 na mpini uliokatwa mraba upande wa chini badala ya ule wa mviringo wa matoleo ya awali. Kwenye Mark VI mwaka wa kutengenezwa hugongwa kwenye kiunzi, na yangu imeandikwa 1917. Mtathmini aliongeza kwamba zenye jina la Enfield zilitoka kiwanda cha serikali kati ya 1921 na 1926, hivyo haziwezi kuwa zilitumika katika Vita Kuu ya Kwanza, hata muuzaji aape vipi.

Ya pili ndiyo iliyonionyesha thamani ya huduma hii. Niliuziwa kama bastola ya Vita vya Makaburu (Afrika Kusini, 1899–1902), kwa kuwa kiunzi chake ni cha Mark IV, toleo la mwaka 1899, lakini mtutu wake ni wa inchi 6 wakati Mark IV za jeshi zilitolewa na mtutu wa inchi 4. Mtathmini hakukimbilia kusema ni ya kughushi. Alilinganisha namba ya kiunzi na ya silinda (sehemu inayozunguka na kubeba risasi), akakuta zinafanana, kisha akaeleza kwamba bastola za zamani zilizorudishwa kwa matengenezo wakati wa Vita Kuu zilikuwa zikifungwa mitutu mirefu. Kwa hiyo bastola hiyo ina tarehe mbili halali, na ripoti imezitaja zote mbili. Alinionyesha pia mishale miwili iliyogongwa ikielekeana ncha kwa ncha, alama ya kwamba iliuzwa nje ya jeshi. Mshale mmoja mpana ndio alama ya mali ya serikali. Nilipomuuliza kuhusu bastola zisizo na mshale wowote, alinikumbusha kwamba maofisa walikuwa wakijinunulia zao, mradi zipokee risasi za jeshi, kwa hiyo kukosekana kwa mshale si ushahidi dhidi ya bastola. Jibu hilo pekee lingeweza kuwaokoa wakusanyaji wengi.

Alikagua hata nyuma ya silinda, kwa sababu Webley nyingi zilizopelekwa Marekani zilichongwa hapo ili zipokee risasi za Kimarekani za .45 badala ya .455 za jeshi la Uingereza, jambo linaloshusha sana thamani yake. Zangu hazijaguswa.

Upungufu ni huu: ripoti haina picha za alama, wala haisemi kama rangi ya chuma ni ya awali au imepakwa upya, suala ambalo mnunuzi yeyote makini ataliuliza. Kwa ada wanayotoza, hayo yalipaswa kuwemo. Nimewaandikia kuyaomba kabla ya kuwapelekea Enfield No. 2, bastola ya jeshi iliyofuata Webley, ninayotaka kununua, kwa kuwa nyingi za toleo la 1932 zilikatwa kidole cha nyundo (kile kinachovutwa kwa dole gumba) baadaye zilipokuwa katika matengenezo, na hapo hali ya chuma ndiyo itakayoonyesha kazi hiyo ilifanyika jeshini au la.