Kung'oa Boljointi Iliyoganda kwenye Hilux Surf: Uchambuzi wa Pula ya Skrubu na Presi ya Mkono

Ndugu watazamaji, habari za wakati huu, na karibuni tena hapa Uyole, Mbeya. Juu ya gunia hili nimeweka vitu vitatu: boljointi ya chini ya kulia, yaani kile kiungo cha pini na kikombe kinacholiruhusu tairi la mbele kupanda, kushuka na kukata kona, niliyoitoa kwenye Hilux Surf yangu ya mwaka 1997, pula ya skrubu iliyoing'oa, na presi ya mkono yenye umbo la herufi C niliyoitumia kwa boljointi ya juu. Nitakavyochambua ni hivi viwili vya mwisho, kwa sababu mafundi wengi wa huku hufanya kazi hii kwa nyundo na uma, ile kabari ya meno mawili ya kupenyeza kwenye kiungo, peke yake, na ninaamini mazoea hayo yanatugharimu.

Nianze na boljointi yenyewe. Tazameni raba yake ya vumbi: imechanika upande wa ndani, mpasuko usiozidi urefu wa ukucha, mahali ambapo mtu anayekagua gari akiwa amesimama hawezi kupaona. Kupitia mpasuko huo maji na tope viliingia msimu mzima wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, nilipokuwa nikipandisha mbegu za viazi kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona 57. Grisi niliyoikuta ndani ilikuwa imegeuka uji wa kahawia wenye mchanga, na kila nilipokata usukani, mchanga huo ulikisaga kichwa cha pini ndani ya kikombe chake. Sasa ninaweza kuiyumbisha pini hii kwa vidole viwili, ilhali mpya iliyo pembeni yake hainipi nafasi hata nikiikamata kwa kiganja kizima.

Kwenye Surf ya umbo hili, pamoja na Prado ya toleo la 90, boljointi ya chini imekaa katika hali ya kuvutwa. Uzito wa gari unapita kwenye springi hadi mkono wa chini, yaani chuma kinachoshikilia tairi kwa upande wa chini, mkono nao unaivuta pini kama mtu anayetaka kuichomoa kwenye kikombe chake. Ikilika vya kutosha inachomoka, tairi linalala kuelekea ndani ya bodi, na usukani unakuwa hauna kazi tena. Mwaka 2005 Toyota wenyewe waliyaita magari mengi ya Marekani, Tacoma ikiwa mojawapo, ili boljointi zake za chini zikaguliwe na kubadilishwa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mlio wa "kok" unapopita kwenye matuta ni wa bushi tu na hauna haraka, naomba usimwamini mpaka uweke jeki chini ya mkono wa chini, unyanyue tairi kidogo, upenyeze mtaimbo chini yake na kulisukuma juu huku mwenzako akiishika boljointi kwa mkono. Mchezo hata wa milimita chache utausikia.

Wenye Land Cruiser mkonga, yenye ekseli nzima mbele, hawahusiki na somo hili, kwa kuwa nako zao, vile vyuma vinavyobeba tairi na kugeuka pamoja na usukani, zinazunguka juu ya beringi.

Sasa tuje kwenye kuganda. Shina la pini limechongwa likipungua unene kidogo kidogo kama kabari, nalo linaingia kwenye tundu la mkono lenye umbo hilohilo, kiasi kwamba kadiri nati inavyokazwa ndivyo vyuma viwili vinavyoshikana. Ongeza kutu ya miaka mingi, na utaelewa kwa nini fundi wa kwanza niliyempelekea gari aliipiga kwa nyundo kubwa tangu asubuhi hadi saa nane mchana bila mafanikio. Kisha akaingiza uma. Uma huo haukuitoa boljointi, bali ulichana raba ya tairodi endi, kiungo cha ncha ya chuma cha usukani, iliyokuwa bado nzima, nami nikalazimika kununua spea ambayo sikuihitaji. Uma una kazi yake, lakini ni pale tu ambapo kila kitu kinachoguswa kinakwenda kutupwa.

Pula hii inafanya kazi kwa njia nyingine. Ina taya mbili za chuma kizito zilizounganishwa kwa kiungo katikati: taya moja inakaa kati ya mkono na raba, nyingine inakaa kwenye ncha ya pini, na skrubu ya nyuma inapokazwa, taya zinaisukuma pini itoke kwenye tundu lake. Jioni ya siku iliyotangulia nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikapaka dawa ya kulainisha kutu mara tatu na kuiacha ilale. Asubuhi niliweka gari juu ya stendi, nikaubeba mkono wa chini kwa jeki ili springi isije ikaushusha ghafla, nikachomoa spliti pini inayozuia nati isifunguke, kisha nikalegeza nati bila kuitoa. Hilo la nati ninalisisitiza kwa moyo wote: iacheni ikiwa imeshika nyuzi kadhaa, kwa maana kabari inapoachia, inaachia kwa kishindo, na nati hiyo ndiyo inayouzuia mkono usiruke.

Nilikaza skrubu mpaka spana ikagoma. Hapo wengi huongeza bomba kwenye spana na kuvunja kifaa. Mimi niliiacha pula ikiwa imekaza hivyohivyo, nikachukua nyundo ya kilo moja, nikagonga ubavu wa jicho la mkono, mahali pini inapopita. Nilikuwa nikigonga mkono wenyewe, pini sikuigusa. Pigo la nne lilitoa mlio mkali mfano wa risasi, na vumbi la kutu likadondoka kwenye sakafu. Nguvu ya pula na mtikisiko wa nyundo vikikutana, kile kilichoshindikana kwa nusu siku kinaisha kwa dakika chache. Kwa tairodi endi, ambayo kwenye gari hili imefungwa kwenye mwili uleule wa boljointi ya chini na hivyo ni lazima itangulie kutoka, sikuhitaji hata nyundo.

Pula hii, basi, naipa sifa kamili, isipokuwa kwa jambo moja: skrubu yake ilikuja kavu kabisa. Ipakeni grisi nzito kwenye nyuzi na kwenye ncha kabla ya kuitumia, la sivyo itajila yenyewe siku ya kwanza.

Presi ya mkono sikuridhika nayo kwa kiwango hicho. Boljointi ya juu ya Surf imeshindiliwa ndani ya nako na kuzuiwa kwa saklipu, yaani pete ya chuma, hivyo nako inatolewa yote na kuwekwa kwenye jiriwa. Fremu ya presi ni imara na haikupinda, lakini hakuna kikombe hata kimoja kati ya vile vilivyokuja nayo kilichoingia sawasawa. Kimoja kilikuwa kipana mno, kingine kilikalia ukingo wa boljointi mpya badala ya bega lake, jambo ambalo lingeiumiza kabla haijafika barabarani. Nilikwenda kwa fundi wa leithi, mashine ya kuchongea chuma, akanichongea kipande cha bomba kulingana na kipimo, na baada ya hapo iliingia bila kupinda. Mwenye gereji ya magari mchanganyiko atafaidika na kifaa hiki. Mwenye gari moja ni bora aipeleke nako kwenye presi ya hidroliki, alipie na kuondoka.

Katika kufunga, boljointi ya chini inakaa kwenye nako kwa bolti nne, na ya kulia si sawa na ya kushoto, kwa hiyo tazameni alama kabla ya kulipa dukani. Futeni tundu la mkono likauke kabisa, bila grisi, kwa sababu kabari inahitaji chuma kwa chuma. Nati ikishafikia kipimo cha kitabu cha gari na tundu la spliti pini likawa halijalingana, kazeni mbele kidogo mpaka lilingane. Msirudishe nyuma kamwe. Gari likishashushwa, lipelekeni kwenye mashine ya kunyoosha tairi siku hiyohiyo.

Nimeshapanda Matamba mara mbili tangu nifunge, na jana nililala chini ya gari na tochi nikakagua raba zote nne kwa upande wa ndani. Ni nzima na hakuna grisi iliyovuja. Pula nimeiweka chini ya kiti cha nyuma pamoja na jeki, na presi inakwenda kwa jirani yangu mwenye gereji, ambaye ameomba kuinunua pamoja na kile kipande cha bomba.