Seti ya mipira ya matone kwa bustani ya nyumbani, nimeitumia mpaka kuvuna

Wadau wa bustani, hii seti ya dripu (ya kumwagilia kwa matone) nimeanza nayo toka miche ikiwa midogo mpaka navuna, na kwa kweli nyanya na hoho nilizopata hazina mfano na zile za kumwagilia kwa ndoo na kopo. Kwenye boksi unakuta mpira mkubwa, mipira midogo yenye matundu kila sentimita 30, koki, konekta na filta, unafunga kwenye tangi lililoinuliwa kama mita 1 hivi na maji yanashuka yenyewe, pampu ya nini.

Wengi wanaisifia kwa kuokoa maji, na kweli inaokoa, ila mimi naona kubwa zaidi ni udongo kukaa na unyevu ule ule siku zote. Nyanya haitaki leo kiu kesho mafuriko, ndo hapo zinapasuka au kitako cha tunda kinageuka cheusi kinaoza, maana kalsiamu inapanda pamoja na maji toka kwenye mizizi, sasa maji yakiwa ya kukatika katika tunda linaikosa hata kama udongoni imejaa. Halafu majani hayalowi kwa hiyo bakajani, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani, inapungua sana, na magugu katikati ya mistari yanakosa maji. Weka na matandazo ya nyasi kavu juu ya mpira, utapenda mwenyewe.

Lawama ninazo pia. Matundu yanaziba, hasa maji yakiwa na tope au chumvichumvi, filta isafishwe kila wiki usingoje mche unyauke, na mara moja moja fungua miisho ya mipira maji yatoke kwa kasi yasukume uchafu nje. Konekta za plastiki ni dhaifu mno, zikipigwa jua zinapasuka, mtengenezaji arekebishe hapo jamani. Na kwa karoti au mchicha wa kumwaga mbegu haifai, katikati ya matundu panabaki pakavu mbegu zinaota kwa mafungu, huko tumia keni ya kumwagilia tu.

Kwa nyanya, hoho, bilinganya na matango chukua bila wasiwasi. Ila kama bustani yako ina mteremko, laza mipira midogo kwa kukatisha mteremko, ukiielekeza chini mimea ya bondeni ndo itakunywa yote, na karatasi ya maelekezo hilo haisemi kabisa.