Kozi za mtandaoni: ipi ununue ukiwa Lamu?

Nyumba zetu za Lamu ni za mawe ya matumbawe, kuta nene zinazozuia joto na mtandao pia. Simu yangu hushika vizuri juu darini, chini ya makuti, na huko ndiko ninakosomea usiku nikishafunga duka. Kwa hiyo hapa majukwaa ya kozi nimeyapanga kwa bando na kwa mfuko. Ukubwa wa jina la chuo utautazama mwenyewe.

Nambari moja kwangu ni OpenLearn, ya chuo cha The Open University, Uingereza. Ilianza 2006, kusoma ni bure, na masomo mengi ni maandishi. Hapo ndipo inapowashinda wenzake: video hula bando kama moto wa makuti, lakini kozi ya OpenLearn unaishusha kwa PDF, unazima data, unasoma hata umeme ukikatika. Ile ya uwekaji hesabu nimeimaliza kwa vipande, mara nyingi ndani ya boti ya kuvukia Mokowe, ng'ambo bara, kurasa tatu nne kabla ya kufika gatini. Ukimaliza unapewa hati ya kushiriki, bure. Sidhani kama kuna mwajiri atakayeshtuka akiiona, lakini daftari langu la madeni sasa linasomeka.

Pili, Khan Academy, tovuti ya masomo ya shule. Hailipishi hata senti. Kwa aliyeacha shule na sasa anataka kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi, hisabati zake hazina mfano. Angalizo moja tu: mpangilio wake unafuata zaidi shule za Marekani, basi weka silabasi ya kwetu kando.

Tatu, Coursera, jukwaa la kozi za vyuo na makampuni. Hii ununue ukitaka cheti chenye jina kubwa. Programu yake ya simu hukuruhusu kushusha video, basi zishushe penye Wi-Fi. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya ndani ya simu, hufanya kazi hiyo. Lakini kabla hujalipa, jaza ombi la msaada wa ada. Humo unaeleza hali yako. Na ukipewa siku za majaribio, weka kengele ya kujitoa. Jukwaa moja, silitaji, lilinikata pesa miezi miwili kwa kozi niliyokwisha kuisahau.

edX, jukwaa jingine la kozi za vyuo, naiweka nyuma: ukisoma bure, muda ukiisha mlango unafungwa.

Shahada sikuipa nambari, maana jahazi halinunuliwi kama samaki. Open University of Kenya ilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu 2023 na hufundisha mtandaoni. Andaa C+ ya KCSE. Chuo chochote utakachochagua, uliza mtihani unafanyiwa wapi. Boti na basi hadi Mombasa, kwenda na kurudi, ni karo nyingine.