Uzoefu wangu: Tyuna za kufunga uzi kwenye gitaa la umeme

Tyuna ni vile vifaa vya kichwani mwa gitaa vinavyokaza na kulegeza nyuzi: unageuza kishikio kwa vidole, na nguzo inayoshika uzi inazunguka. Za kufunga uzi huubana uzi ndani ya nguzo, badala ya kuutegemea mizunguko mingi juu yake. Nimezifunga tyuna za aina hii kwenye magitaa ya mitindo miwili. La kwanza ni la mtindo wa Stratocaster, tyuna 6 upande mmoja na mkono wa tremolo, ule unaosogeza daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwilini) ili kuyumbisha noti. La pili ni la mtindo wa Les Paul, 3 kila upande, daraja halisogei. Kwenye la kwanza zimeleta nafuu kubwa. Kwenye la pili kubadilisha nyuzi kumekuwa kazi ya dakika chache, ila utulivu wa sauti umebaki karibu vilevile. Na kote kuwili kilichoamua kazi iende vipi ni tundu lililokuwepo kwenye mbao, kabla hata ya kufikiria kampuni wala rangi.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha tatizo ni la tyuna kweli. Kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji, kile kilicho mwisho wa shingo ambapo nyuzi hupita kuelekea kichwani, hapa nitakiita mfupa tu. Hicho ndicho mhalifu mara nyingi kuliko tyuna. Kipimo ni rahisi. Tyuni uzi wa G, upinde kwa nguvu kwenye freti ya 12, uachie, kisha angalia kwenye kipima noti. Ukikuta umeshuka, bonyeza uzi kwa kidole kati ya mfupa na nguzo ya tyuna, achia, upige tena. Ukipanda na kurudi mahali pake, uzi unanasa kwenye mfereji wa mfupa, na tyuna mpya hazitakusaidia. Panua mfereji kwa tupa nyembamba inayolingana na unene wa uzi, paka unga wa risasi ya penseli, mambo yatatulia. Ukibaki chini, basi uzi unalegea kwenye mizunguko iliyo juu ya nguzo au tremolo hairudi sawasawa. Kama ni mizunguko, hapo ndipo tyuna za kufunga uzi zinapopata kazi.

Kagua pia vitu viwili vya bure. Nati iliyo upande wa uso wa kichwa hulegea yenyewe, na skrubu ndogo iliyo kwenye ncha ya kishikio hulegea vilevile. Tyuna nyingi zinazosemwa "zimechoka" zinahitaji kukazwa hivyo viwili tu. Iliyochoka kweli utaijua hivi: ukigeuza kishikio kidogo upande wa kulegeza, kinazunguka huku noti haibadiliki, kisha ghafla inaruka. Meno ya gia yamelika.

Sasa vipimo. Toa tyuna moja, pima tundu kwa kalipa. Usipime kwa rula, maana tofauti ya milimita moja hapa ndiyo kila kitu. Magitaa yenye tyuna za mtindo wa zamani wa Kluson huwa na tundu la takriban milimita 8.7, na bushi (pete ya chuma ambayo nguzo hupita ndani yake) iliyogongewa kwa mbele bila nyuzi za skrubu. Yenye tyuna za mtindo wa Grover Rotomatic, zile zenye gia iliyofunikwa kabisa na nati ya mbele, huwa na tundu la takriban milimita 10. Pima pia unene wa kichwa, umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya linalofuata, na mahali palipo skrubu ya nyuma. Skrubu ya Grover nyingi hukaa kwa digrii 45. Nyingine hukaa kwa digrii 90, na tyuna nyingi za kisasa za Fender hazina skrubu kabisa ila vipini viwili vidogo vinavyoingia kwenye mbao. Umbali kati ya matundu usiupuuze kwenye vichwa vya 6 upande mmoja: miili ya tyuna za kufunga ni mipana, na matundu yakikaribiana mno itagusana.

Ukiwa na tundu la 8.7, ushauri wangu ni mmoja: tafuta tyuna zinazoingia humo humo. Zipo. Gotoh, kwa mfano, wanatengeneza SD91 yenye kufunga uzi kwa ajili ya matundu hayo. Kulipanua tundu ni njia isiyo na kurudi, na gitaa la zamani lililopanuliwa hupoteza thamani. Ukiamua kupanua hata hivyo, tumia rima ya mkono, ile inayoanza nyembamba na kunenepa taratibu. Anza upande wa uso, geuza kufuata saa tu, kisha hamia upande wa nyuma, ukipokezana mpaka bushi iingie kwa kusukumwa na kidole. Drili ya umeme hunasa kwenye ukingo na kuchana vanishi kama ganda la yai, na huvuta tundu upande. Safari ya kinyume, yaani kuweka tyuna za mtindo wa zamani kwenye tundu la 10, ni nyepesi: kuna bushi za kubadilishia, nje milimita 10, ndani saizi ya nguzo ya zamani. Hakuna mbao inayoguswa.

Bushi za kugongewa zitolewe kutokea nyuma. Pasha bushi moto kidogo kwa ncha ya pasi ya kulehemu, sekunde chache tu, ili vanishi iliyoishika iachie. Kisha ingiza kijiti cha mbao ngumu kinachopita kwa kubana, ugonge taratibu huku uso wa kichwa ukiwa juu ya kitambaa kinene chenye nafasi ya bushi kutokea. Anayeichokoa kwa bisibisi kutoka mbele anaondoka na kipande cha vanishi, na mara nyingine na mbao yenyewe.

Kabla ya kutoboa tundu jipya la skrubu, kuna mpangilio ambao sioni njia ya kuukwepa. Weka tyuna zote 6, kaza nati za mbele kwa vidole tu. Lalisha rula ya chuma ubavuni mwa miili yake ili zote zikae kwenye mstari mmoja. Tia alama za skrubu kwa ncha kali. Toa tyuna, toboa, rudisha, funga skrubu za nyuma, ndipo ukaze nati za mbele. Ukikaza nati kwanza, mwili hujizungusha kidogo pamoja na nati, na tundu la skrubu linakuwa limeshakosewa.

Skrubu zinazokuja na tyuna ni nyembamba, kama milimita 2 hadi 2.5, na chuma chake ni laini chini ya rangi ya nikeli au dhahabu. Kwenye shingo ya mepo, ambayo ni mbao ngumu sana, zinakatika vichwa kwa urahisi. Kwa skrubu ya milimita 2 toboa kwa biti ya milimita 1.5 au 1.6, ukiwa umezungushia tepu kwenye biti kuonyesha kina. Kisha fungua njia kwa skrubu ya chuma kigumu ya saizi ileile, itoe, upake nta ya mshumaa kwenye skrubu yenyewe ndipo uiingize. Nta, si sabuni; sabuni huvuta unyevu na skrubu hushika kutu ndani ya mbao. Ukihisi inakuwa nzito nusu ya njia, irudishe nyuma mzunguko mmoja, iende tena. Iliyokatikia ndani hutolewa kwa kuizungushia kibomba chembamba chenye meno, kisha tundu linazibwa kwa kipande cha mbao na gundi, na hiyo ni kazi ya jioni nzima kwa uzembe wa dakika moja. Matundu ya zamani yazibe kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, yakauke usiku kucha kabla ya kutoboa karibu nayo.

Tyuna zenye vipini viwili zina ujanja wake. Paka rangi ya kalamu kwenye ncha za vipini, ingiza tyuna taratibu ikiwa imenyooka, bonyeza kidogo. Alama mbili zitabaki kwenye vanishi. Toboa hapo kina kisichozidi urefu wa kipini kwa zaidi ya nusu milimita. Usijaribu kuvizamisha kwa kukaza nati, vanishi itapasuka.

Kuhusu nati za mbele, nyingi huchukua spana ya boksi ya milimita 10. Kaza kwa vidole mpaka mwisho, halafu robo mzunguko na spana, basi. Washa ikianza kuzama kwenye vanishi umeshapita kiasi.

Namna ya kufunga uzi nayo ina utaratibu. Geuza nguzo tundu lake litazame moja kwa moja mfereji wa mfupa. Pitisha uzi, uvute kwa mkono mpaka usiwe na ulegevu wowote, kaza kigurudumu cha nyuma kwa vidole, kata uzi ukiacha milimita 2, kisha tyuni. Uzi ufike kwenye noti yake kabla nguzo haijamaliza mzunguko mmoja. Kwenye uzi mnene wa E wengi huvuta kwa nguvu mno na kukuta noti imefika nguzo ikiwa haijageuka hata robo. Hapo uachie ulegevu kidogo, ili nguzo nayo ibebe sehemu ya mvuto, usiachiwe ule mfungo peke yake. Usifungue kigurudumu uzi ukiwa bado umekazwa. Uzi wa E wa juu, wenye unene wa inchi 0.010, hufyatuka na kuchoma vidole au jicho. Na koleo lisiguse kigurudumu: kwa nyuzi nyembamba, nguvu ya koleo huutafuna uzi mpaka ukatike palepale kwenye mfungo.

Uwiano wa gia nimeupenda kuliko nilivyotarajia. Tyuna zangu ni 18:1, maana yake kishikio kinazunguka mara 18 nguzo ikizunguka mara moja. Kwa nguzo ya milimita 6, mzunguko mmoja kamili wa kishikio unavuta uzi takriban milimita 1.05; kwa 15:1 ni 1.26, kwa 12:1 ni 1.57. Tofauti hiyo inasikika vidoleni unapotafuta noti ya uzi wa G. Uvivu wa 18:1 wakati wa kukunja uzi mpya hauonekani, kwa sababu hakuna cha kukunja. Hizi mbili, uwiano mkubwa na kufunga uzi, zinafaana.

Nguzo za urefu tofauti, zinazoshuka kuelekea nyuzi nyembamba, zinafaa vichwa vilivyonyooka tu vya mtindo wa Stratocaster. Zinaupa uzi mteremko wa kutosha nyuma ya mfupa, na vile vishikizo vidogo vinavyokandamiza nyuzi nyembamba kichwani unaweza kuviondoa, msuguano ukapungua. Jaribu kwanza bila kuvitupa. Uzi ukianza kutetema ovyo kwenye mfereji ukipigwa wazi, mteremko haujatosha na kishikizo kirudi. Kwenye kichwa kilichoinama cha mtindo wa Les Paul, chukua nguzo za urefu mmoja.

Uzito ndio malalamiko yangu makubwa. Miili mizito pamoja na vigurudumu huvuta kichwa chini, na gitaa lenye mwili mwepesi, hasa la mtindo wa SG, litainama ukiliachia kwenye mkanda. Pima kabla ya kununua: chukua tofauti ya uzito kati ya seti mbili, tia sarafu za uzito huo kwenye kifuko, funga kichwani, vaa gitaa, achia mkono. Likiinama, tafuta seti nyepesi au yenye vishikio vya plastiki.

Mfumo wa kigurudumu naupendelea kuliko ule unaojifunga wenyewe unapogeuza kishikio. Wa kujifunga ni mzuri kwa macho na ni mwepesi, lakini uzi ukikatikia ndani ya nguzo kipande kinachobaki ni shida kukitoa. Kwa kigurudumu, unafungua, unasukuma kwa ncha ya uzi mwingine, kinadondoka. Kitu cha kukagua kwenye seti za bei ya chini, na niliwahi kuipata seti moja ya namna hiyo, ni pini ya ndani inayoukandamiza uzi. Ikiwa ni chuma laini, nyuzi za E na B za juu huchonga mfereji juu yake, na baada ya kubadilisha nyuzi mara kadhaa mfungo unaanza kuteleza. Angalia kwa tochi kila unapobadilisha nyuzi.

Mwenye Floyd Rose, aina ya tremolo yenye kufunga nyuzi kwenye mfupa, asihangaike na tyuna hizi. Nyuzi zake zimeshashikwa kabla ya kufika kichwani.

Weka tyuna za zamani, bushi, washa na kila skrubu kwenye mfuko mmoja. Ukishafunga mpya, vuta kila uzi kwa mkono mara kadhaa na kutyuni tena mpaka usishuke, ukimalizia kila mara kwa kupandisha noti, kamwe si kwa kuishusha. Baada ya wiki chache rudi na spana: mbao huwa imejikandamiza chini ya washa, na nati za mbele zitakubali kugeuka kidogo tena.