Premio au Mark X: ipi ukae nayo hapa Mwanza

Jamani wanaotafuta sedan ya mkononi, mara nyingi ubishi ni Premio ya injini ya 1NZ (cc 1500) na Mark X ya cc 2500, na mi nasema ukweli, Mark X ni tamu, V6, inasukuma tairi za nyuma, ukitoka Usagara kushika njia ya Shinyanga unaisikia kabisa ilivyotulia. Ila wese sasa!

Foleni ya Igoma kuja mjini kila siku na injini hiyo inalamba hatari. Ukiagiza nje, zaidi ya cc 2000 ushuru wa bidhaa ni 10%, Premio 5%. Sevisi nayo, Mark X ina plagi 6 na koili 6 (zinazopeleka umeme kwenye plagi), Premio 4 kwa 4. Halafu ile injini ya Mark X, 4GR, inapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwahiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, kaboni inajaa, gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama injini inawaka na fundi wa kubahatisha anakubadilishia plagi tu ela inaenda.

Premio imepoa, sawa, ukipanda Bugando na watu watano utaisikia inalia. Ila spea bwerere na karibu kila fundi anaijua.

Kuzichungulia chini zote mbili, bushi na shokapu kwanza, barabara zetu za mawe mnazijua. Na iwashe asubuhi ikiwa ya baridi, maana ikishapata moto ubovu unaweza kujificha; muuzaji akishaipasha moto kabla sijafika, mi naondoka.