Roli ya paipu ya breki ya kopa-nikeli na seti ya kukunjia midomo yake: paipu nyota tano, seti nyota mbili na nusu

Pedali ya breki ya Hilux yangu ya 1995 ilizama nikiwa kwenye foleni ya pantoni, Kigamboni. Breki za mbele zilishika kwa shida, nashukuru mwendo ulikuwa wa kobe. Nilipoingia chini nikakuta paipu ya chuma iendayo nyuma imeliwa na kutu kwenye kibanio, pale mchanga na chumvi vinapojificha. Fundi wa mtaani akataka kukata kipande kibovu aunge kwa kiungio cha kubana. Nikamwambia, fundi, hicho ni cha mabomba ya maji, kwenye breki kitafyatuka siku nikiikanyaga kwa nguvu.

Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, nikarudi na roli ya futi 25 ya kopa-nikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli), kipenyo cha inchi 3/16, nati mpya na seti ya kukunjia midomo ya paipu.

Paipu sina la kulalamika. Inakunjika kwa mikono bila kubonyea. Kona kali niliizungushia chupa ya soda, huku ile ya zamani nimeilaza sakafuni kama kielelezo. Na haishiki kutu kama chuma, jambo ambalo sisi tunaokaa karibu na bahari hatuhitaji kuhubiriwa.

Seti sasa. Kwenye boksi wameandika inafaa kila gari. Toyota inataka mdomo unaokunjwa mara mbili: kwanza kidude chenye umbo la uyoga kinaukunja ukingo kuelekea ndani, kisha koni inaulaza. Ile mbao ya chuma inayobana paipu haibani! Ukikaza koni, paipu inateleza chini na mdomo unatoka umepinda kama wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Niliharibu mitatu. Wa nne nilisawazisha ncha kwa tupa, nikatoa makapi ya ndani, nikadondoshea mafuta ya breki kwenye koni, na zile nati za masikio nikazikaza kwa plaizi badala ya vidole. Ukatoka mzuri, duara kamili. Nikauinua juu nimwonyeshe binti yangu, naye akauliza, "Baba, na nati utaipitishia wapi?" Nati ilikuwa mezani. Nikakata upya.

Spana iliyomo kwenye boksi msiiguse, inapanuka na kula kona za nati. Zile nati kuukuu nilizitoa kwa kukata paipu kwanza, kisha soketi ya 10 yenye pembe sita. Mpya nilizikaza kwa spana ya kuazima, ile ya pete yenye mwanya wa kupitishia paipu.

Kutoa upepo tulianzia tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Binti anakanyaga na kushikilia, mimi nafungua nipeli, kile kiskrubu cha kutolea upepo. Nusura niisahau nipeli ya valvu ya mzigo, ile inayopunguza au kuongeza breki za nyuma kulingana na uzito uliobebwa, iliyo karibu na ekseli. Mafuta ya breki, DOT 3, yalidondokea bodi nikaimwagia maji haraka, maana hubabua rangi.

Nilianza saa mbili asubuhi, nikamaliza adhana ya magharibi ikilia. Niliacha karatasi ya chooni chini ya kila kiungio usiku kucha, asubuhi zote kavu. Zimebaki futi kama kumi, na paipu ya mbele kushoto nayo imeanza kutoa magamba. Hiyo ni ya Jumamosi ijayo, ila nati ndiyo itakayotangulia.